Waanglo-Saksoni ni akina nani hasa, na kwa nini mashujaa wao hufa mwishoni?

Septemba 2022, Rais Vladimir Putin wa Urusi alisema katika hotuba kwamba "Waanglo-Saksoni" hawakutosheka na vikwazo, sasa wameingia kwenye hujuma. Alikuwa akizungumzia kulipuliwa kwa mabomba ya gesi ya Nord Stream chini ya Bahari ya Baltiki. Redio zikatafsiri, watu wakasambaziana, na wengi wakabaki kuulizana: hao nao ni akina nani? Msikilizaji wa Bukavu au Bujumbura huenda hakushangaa sana, maana katika Kifaransa jina hilo halikauki midomoni. Rwanda ilipohamishia masomo yake kwenye Kiingereza mwaka 2008, kisha ikaingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, haikukosa watu waliosema kwa Kifaransa kwamba nchi hiyo imehamia kambi ya "Waanglo-Saksoni". Ukivuka bahari hadi Marekani, jina lilelile linakuwa na maana nyingine tena: Mzungu Mprotestanti mwenye asili ya Uingereza, wa ukoo mkongwe na wenye fedha.

Halafu mwanafunzi wa fasihi anafungua kitabu chake na kukuta Waanglo-Saksoni ni watu waliovaa kofia za chuma, wakanywa pombe ya asali, ndugu yake wanzuki, na kuimba habari za mazimwi na majoka. Anachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa.

Tuanze na maana iliyo nyepesi kuliko zote. Waanglo-Saksoni ni jina la jumla la watu waliozungumza lugha za jamii ya Kijerumani na kuishi katika sehemu kubwa ya England, yaani Uingereza ukiondoa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kuanzia karne ya 5 hadi mwaka 1066. Hawakuwa kabila moja, na kwa karne nyingi hawakuwa na mfalme mmoja.

Walifikaje huko? Warumi walikitawala kisiwa cha Britania kwa zaidi ya miaka 350, na kufikia mwaka 410 hivi utawala wao ulikuwa umesambaratika. Wenyeji walikuwa Wabritoni, wasemaji wa lugha ya Kiselti ambayo kizazi chake kingali hai Wales. Katika karne hiyo ya 5 makundi ya watu kutoka pwani za Denmark, Ujerumani ya kaskazini na Uholanzi za leo yalivuka bahari, mengine kwa upanga, mengine kwa kutafuta mashamba tu. Mtawa Bede wa monasteri ya Jarrow, aliyemaliza kuandika historia yake mwaka 731, anawataja watatu: Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Orodha hiyo ni nadhifu kupita kiasi, na Bede aliiandika zaidi ya miaka 250 baada ya safari zenyewe, kwa hiyo wanaakiolojia huichukua kwa tahadhari.

Zikaundwa falme ndogondogo: Kent, Wessex, Mercia, Northumbria, Anglia Mashariki na nyinginezo, zikipigana zenyewe kwa zenyewe miaka nenda rudi. Ni katika miaka ya 880 ambapo makarani wa Mfalme Alfred wa Wessex walianza kumwandika kuwa "mfalme wa Waanglo-Saksoni", kwa kuwa alitaka Wasaksoni wake na Waangli wa Mercia wawe chini ya mkono mmoja. Mjukuu wake Æthelstan ndiye aliyekuja kuitawala England nzima, kuanzia mwaka 927. Tarehe 14 Oktoba 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakamuua Mfalme Harold katika vita vya Hastings, na utawala huo ukaisha.

Kwa hiyo mwanasiasa anaposema "Waanglo-Saksoni" akimaanisha Washington na London, anatumia jina la watu ambao dola yao ilianguka karibu miaka 1,000 iliyopita, na anawabandika hata mamilioni ya Wamarekani ambao babu zao hawakuwahi kuiona England. Ni jina la kisiasa, la kupanga watu kambi. Lina upande mwingine mbaya zaidi: wahubiri wa ubora wa Wazungu walilinyakua kama jina la damu. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha wasomi wa enzi hiyo kiliamua kuliondoa katika jina lake kwa sababu hizo, huku wasomi wengine wakipinga kwamba neno la kitaalamu lisitupwe kwa kosa la walioliiba. Kila upande una hoja. Mimi hapa nalitumia kama jina la enzi, basi.

Na hilo la damu halina msingi hata makaburini. Huko Updown, katika jimbo la Kent, kuna msichana aliyezikwa karne ya 7 kwa taratibu zilezile walizozikiwa majirani zake. Vinasaba vyake vilipochunguzwa miaka ya karibuni, ilionekana kwamba babu yake au bibi yake mmoja alikuwa na asili ya Afrika Magharibi, akikaribiana na Wayoruba na Wamende wa leo. Hakuna dalili kwamba waliomzika walimhesabu mgeni. Karne hiyohiyo, mnamo mwaka 670, shule ya Canterbury ilimpokea Abate Hadrian, ambaye Bede anasema waziwazi kuwa alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa. Yeye na Askofu Mkuu Theodore, mzaliwa wa Tarso katika Uturuki ya leo, walifundisha Kilatini, Kigiriki, hesabu za kalenda na kanuni za ushairi, na Bede anadai kwamba walikuwapo wanafunzi wao waliozijua lugha hizo mbili kama lugha ya mama.

Kuna pia ile sarafu inayozua ubishi kila inapopita mitandaoni. Offa, mfalme wa Mercia kati ya mwaka 757 na 796, alifua sarafu ya dhahabu iliyonakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria. Shahada imo kwa Kiarabu, na katikati ya maandishi yameingizwa maneno ya Kilatini "Offa Rex", yaani Mfalme Offa, yakiwa juu chini ukilinganisha na Kiarabu. Wapo wanaoapa kwamba Offa alisilimu kwa siri. Hapana. Alikuwa Mkristo aliyepokea wajumbe wa Papa, na fundi wake, kwa jinsi alivyoziboronga baadhi ya herufi, hakujua kusoma alichokuwa akikichonga. Dinari ya Bani Abbas iliaminika masokoni hadi mbali, na Offa alitaka dhahabu yake nayo iaminike. Sarafu hiyo iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Anayewadhania watu hawa kuwa walijifungia gizani kisiwani mwao aitazame.

Bwana, pete na bei ya damu

Ili mashairi yao yaeleweke, kuna jambo moja la kujua kwanza: mkataba kati ya bwana na wapiganaji wake. Bwana ana ukumbi mkubwa wa mbao. Humo hulisha watu wake, huwanywesha, huwagawia pete za dhahabu, panga, farasi na hatimaye ardhi. Mashairi humwita "mtoa pete", na bwana bahili katika mashairi hayo ni kiumbe wa kuogofya kuliko joka. Wapiganaji nao hulipa kwa miili yao. Wanaahidi kwa sauti, mbele ya watu, kikombe kikiwa mkononi, na ahadi hiyo hudaiwa uwanjani. Mpiganaji aliyerudi nyumbani mzima huku bwana wake amelala maiti alibaki na fedheha hadi kufa kwake.

Mkataba huo ulikuwa na ndugu yake, kisasi. Ukiuawa, jamaa zako wana haki juu ya muuaji. Ili nchi isiteketee kwa kulipizana kukawekwa bei ya damu, jambo ambalo wasomaji wanaoijua dia watalitambua papo hapo. Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, ndizo sheria za kwanza zinazojulikana kuandikwa kwa Kiingereza, na ukizisoma utadhani ni orodha ya bei za duka: kuua mtu huru, shilingi 100, kidole gumba, shilingi 20, jino la mbele, shilingi 6. Na shilingi yao haikuwa ya mchezo, ilihesabiwa kwa dhahabu.

Nisiwapambe. Wengi wa watu hawa walikuwa wakulima waliokufa bila kushika upanga wa dhahabu, na watumwa waliuzwa na kununuliwa kila mahali. Ushairi wa kishujaa unahusu tabaka dogo la juu lililojitazama katika kioo chake lenyewe. Uzuri wake ni kwamba kioo hicho mara nyingi kinaonyesha nyufa.

Shairi lisilo na vina

Msomaji aliyekulia kwenye tenzi atauliza swali la kwanza: vina viko wapi? Havipo. Katika utenzi, beti ina vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vinagongana kwa kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha bahari, kinachorudiwa hadi mwisho wa utenzi. Ushairi wa Kiingereza cha kale unagonga mwanzoni mwa neno, wala si mwishoni. Kila mstari umekatwa vipande viwili, kila kipande kina mapigo mawili mazito, na mapigo hayo yanafungwa pamoja kwa sauti ya kwanza inayofanana. Pigo la tatu ndilo linaloamuru: angalau moja kati ya mawili ya mwanzo lazima lianze kwa sauti yake, na la nne huachwa huru. Idadi ya silabi haihesabiwi kama tunavyohesabu sisi.

Sikiliza mistari hii miwili kutoka shairi la vita vya Maldon, tutakalolifikia:

Hige sceal þe heardra, heorte þe cenre,
mod sceal þe mare, þe ure mægen lytlað.

Hata bila kujua neno moja, sikio linaokota h tatu katika mstari wa kwanza na m tatu katika wa pili. Maana yake: nia na izidi kuwa ngumu, moyo uzidi ushujaa, ari na iwe kubwa zaidi, kadiri nguvu zetu zinavyopungua.

Kwa nini wao walichagua mwanzo wa neno na sisi mwisho? Sababu iko katika lugha zenyewe. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ku-ta-FU-ta, ha-BA-ri. Uzito wa neno letu uko mkiani, na kina kinakaa jirani kabisa na penye uzito. Katika lugha za Kijerumani za kale mkazo kwa kawaida uliangukia mzizi, mwanzoni mwa neno, kwa hiyo sauti ya kwanza ndiyo iliyolia kama ngoma. Nawaza tu ingekuwaje wale waliobishana miaka ya 1970 kama shairi la Kiswahili bila vina ni shairi wangewekewa mbele yao mistari 3,182 ya Beowulf, shairi tutakalolifikia, isiyofungwa kwa vina, yenye sheria kali kuliko zao.

Mafumbo, hapo tunaelewana nao bila mkalimani. Bahari huitwa njia ya nyangumi. Mwili ni nyumba ya mifupa, upanga ni mwanga wa vita. Mshairi pia hupenda kukitaja kitu kimoja kwa majina matatu mfululizo, na wanafunzi wengi hulalamika kwamba anarudiarudia. Anapunguza mwendo makusudi. Kumbuka shairi lilisikilizwa, na msikilizaji aliyesinzia kidogo kwa ajili ya wanzuki wake alihitaji kupata uzi tena.

Jambo la kusikitisha ni jinsi masalia yalivyo machache. Mistari iliyobaki ni kama 30,000 tu, mingi yake katika vitabu vinne vya mkono vilivyonakiliwa karibu na mwaka 1000. Washairi wengi hatuwajui majina. Kingine ni kwamba waliotushikia mashairi haya ni watawa wa Kikristo. Umisionari kutoka Roma ulitua Kent mwaka 597, na tangu hapo kalamu ilikuwa mikononi mwa kanisa. Waandishi walikuwa wakihifadhi sifa za mababu ambao, kwa imani yao, walikufa wapagani. Mwaka 797 mwanazuoni Alcuin, Mwingereza aliyekuwa katika baraza la Mfalme Karolo Mkuu, aliandika barua akiwakemea viongozi wa kanisa waliofurahia nyimbo za mashujaa wakati wa chakula: Ingeld ana nini na Kristo? Ingeld alikuwa mmoja wa mashujaa hao wa kale. Barua hiyo inatuambia mengi, maana huwezi kukemea kitu ambacho hakuna anayekifanya.

Lugha ya mashairi haya, basi, si ile ya Shakespeare ambayo watu huiita "Kiingereza cha zamani". Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri, aliishi zaidi ya miaka 500 baada ya Hastings na aliandika lugha iliyokwisha kumeza Kifaransa. Mwingereza wa leo hawezi kusoma mistari ile miwili ya juu bila kufundishwa.

Beowulf

Shairi refu kuliko yote ya kishujaa yaliyobaki ni Beowulf. Tunalo katika nakala moja tu, na hiyo nayo iliponea chupuchupu: mwezi Oktoba 1731 jumba la Ashburnham mjini London, lilimohifadhiwa, lilishika moto, na kingo za kurasa zikaungua. Leo kitabu kiko Maktaba ya Uingereza, maandishi mengine yamemeguka pembeni.

Dhana ya kwanza ya kuiondoa: Beowulf si Mwingereza. Hakuna tukio hata moja katika shairi hili linalotokea England. Shujaa anatoka kwa Wageati, kusini mwa Sweden ya leo, na anapigana Denmark. Waanglo-Saksoni waliimba habari za ng'ambo ile waliyotoka mababu zao. Mjomba wa shujaa huyo, Mfalme Hygelac, anaonekana kuwa mtu halisi aliyeuawa katika uvamizi wa miaka ya 520, kwa sababu mwanahistoria Gregori wa Tours anamtaja pia. Beowulf mwenyewe hajulikani popote nje ya shairi.

Kisa ni hiki. Hrothgar, mfalme wa Denmark, amejenga ukumbi mkuu uitwao Heorot. Sauti za furaha zinamkera Grendel, zimwi la mabwawani ambalo mshairi analiita mzao wa Kaini. Kwa miaka 12 linaingia usiku na kula watu. Beowulf kijana anavuka bahari na wenzake 14, anamngoja bila silaha na kumng'oa mkono mzima. Usiku unaofuata anakuja mama yake Grendel, anamuua mshauri kipenzi wa mfalme. Beowulf anazama ziwani na kummaliza kwa upanga wa majitu ya kale. Anarudi kwao, miaka inapita, anakuwa mfalme na kutawala miaka 50. Kisha mtu anaiba kikombe katika hazina inayolindwa na joka, joka linaamka na kuchoma nchi. Mfalme mzee anakwenda kulikabili. Wateule wake wanakimbilia msituni, anabaki kijana mmoja tu, Wiglaf. Joka linakufa, na Beowulf naye.

Kwa kisa hicho peke yake mtu atasema ni hadithi ya watoto ya shujaa na mazimwi, na filamu nyingi huishia hapo. Mshairi ana mengine. Heorot hata haujamalizwa kusifiwa, tayari anatudokezea kwamba ukumbi huo utateketea kwa moto wa ugomvi wa wakwe. Katikati ya karamu ya ushindi dhidi ya Grendel, malenga wa mfalme anaimba kisa cha Hildeburh, binti wa Denmark aliyeozwa kwa Finn, mfalme wa Wafrisia, ili pawe na amani. Vita vinazuka ukumbini kwa mumewe. Kaka yake anauawa upande mmoja, mwanawe upande wa pili, na yeye anaagiza mtoto alazwe kwenye kuni za maziko bega kwa bega na mjomba wake. Baadaye Finn naye anauawa na Hildeburh anarudishwa kwao pamoja na ngawira. Wimbo unaisha, watu wanacheka, na papo hapo anaingia Malkia Wealhtheow akiwa na kikombe, akiwaombea wanawe wawili salama kwa maneno matamu. Waliosikiliza shairi walizijua habari za ukoo ule na usaliti uliokuwa ukiunyemelea.

Mashairi hayo humwita mwanamke aliyeozwa kwa maadui "msuka amani". Ukifuatilia visa vyenyewe, msuko huo hukatika karibu kila mara. Nadhani mshairi alijua kabisa anachokifanya alipokiweka kisa cha Hildeburh mahali pale, kwenye mlo.

Mtazame pia mama yake Grendel. Tunamwita zimwi, lakini amekuja kudai damu ya mwanawe, haki ambayo kila mwanamume aliyekaa ukumbini angeidai bila kusita. Mshairi anasema wazi kwamba amekuja kulipiza. Hrothgar hakupata kamwe dia kutoka kwa Grendel, na mama huyu hakuitiwa mezani kuzungumzia bei. Mfumo mzima wa heshima unajikuta uso kwa uso na kivuli chake ziwani.

Na mwisho? Joka limekufa na hazina imepatikana, lakini hakuna anayeifaidi. Wageati wanaifukia pamoja na majivu ya mfalme wao, ikae ardhini bila faida kwa wanadamu kama ilivyokuwa mwanzo. Mwanamke anaimba maombolezo akitabiri uvamizi, vifo na utumwa, kwa sababu majirani sasa wanajua mlinzi hayupo. Neno la mwisho kabisa la shairi linamsifu Beowulf kuwa alikuwa na shauku ya sifa kuliko wafalme wote. Wasomi hawajakubaliana kama hiyo ni pongezi tupu. Mfalme mwenye miaka ile na asiye na mrithi, aliyetaka kulikabili joka peke yake, aliwaachia watu wake nini?

Hiyo ndiyo dhana kubwa inayohitaji kusahihishwa kuhusu ushairi huu wote: watu huutarajia uwe nyimbo za majigambo ya washindi. Majigambo yamo, ila hutamkwa mwanzoni ili tuone yatalipwaje baadaye. Kipimo chake ni wakati wa kushindwa. Hata shairi linalojulikana kama Msafiri Mpweke, linalosimuliwa na mtu aliyemzika bwana wake na kubaki akipiga makasia katika bahari ya barafu, linapima utii uleule ukiwa umebaki bila pa kukaa: mtu anaota ameweka kichwa magotini pa bwana wake, anaamka na kuona ndege wa baharini wakioga.

Maldon, Agosti 991

Beowulf ni habari za kale na za mbali. Maldon ni tukio la kweli, lenye mwezi na mwaka, na wasomi wengi wanaona shairi lake lilitungwa si muda mrefu baada ya matukio. Moto wa 1731 uliiunguza nakala yake ya pekee, lakini bahati nzuri mtu alikuwa ameinakili. Mwanzo na mwisho wa shairi vilikuwa vimepotea hata kabla ya hapo. Imebaki mistari 325.

Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wamefika mto Blackwater, Essex, na kutia nanga kwenye kisiwa. Byrhtnoth, mkuu wa jimbo, mzee mwenye mvi, anapanga watu wake ng'ambo ya pili. Mjumbe wa Waviking anapaza sauti: lipeni dhahabu, tuondoke. Byrhtnoth anajibu kwamba kodi watakayopewa ni mikuki. Maji yanapokupwa inajitokeza njia nyembamba ya kuvukia, na watu watatu tu wanatosha kuiziba. Waviking wanapoona hawapiti, wanaomba waachiwe wavuke. Byrhtnoth anawaruhusu.

Mshairi anatumia hapo neno ofermod, ari iliyopita kiasi, na wasomi wamelipigania neno hilo zaidi ya Waviking walivyoupigania ule mto. Wengine wanasema ni kiburi, na kwamba mzee aliwaua watu wake kwa kutaka sifa. Wengine wanamtetea: kama asingewaruhusu, wangepanda merikebu wakaenda kupora mahali pasipo na jeshi, kwa hiyo heri vita viishie pale. Hoja hiyo ya pili ni nzuri kivita, ila haimo katika shairi. Mimi nalisoma kama lawama, na nadhani lawama hiyo ndiyo inayolipa shairi nguvu: bwana amekosea, na mkataba ungali unadaiwa.

Byrhtnoth anauawa. Godric mwana wa Odda, aliyepewa naye farasi wengi, anaruka juu ya farasi wa bwana wake na kukimbia na ndugu zake. Wengi wanadhani ni Byrhtnoth mwenyewe anaondoka, ukuta wa ngao unavunjika. Waliobaki wanasema mmoja mmoja kwa nini hawaondoki. Ælfwine, wa ukoo mkubwa, anakumbusha ahadi zilizotolewa kwenye pombe ya asali. Dunnere, mkulima wa kawaida kabisa, anapewa maneno yake pia, jambo adimu katika ushairi wa wakubwa. Byrhtwold mzee ndiye anayetamka ile mistari miwili ya nia na moyo. Wote wanajua hawatarudi.

Masimulizi ya monasteri ya Ely yanasema Waviking waliondoka na kichwa cha Byrhtnoth, watawa wakamzika na bonge la nta mahali pake, na mjane wake Ælfflæd akaipa monasteri pazia lililofumwa matendo ya mumewe. Pazia lilipotea.

Mwaka uleule wa 991 Mfalme Æthelred aliwalipa Waviking ratili 10,000 za fedha, kile hasa alichokataa Byrhtnoth ukingoni mwa mto. Mwaka 994 zikawa 16,000, na mwaka 1012 zikafika 48,000. Mwaka 1016 Mdenmaki, Cnut, akakaa kwenye kiti cha ufalme wa England.

Shairi haliyasemi hayo. Linachokifanya ni kutaja majina: nani alibaki, mwana wa nani, alisema nini, alianguka wapi. Usahihi huo linaushikilia hadi linapokatika. Mstari wa mwisho tulio nao unamhusu mpiganaji mwingine aitwaye Godric, mwana wa Æthelgar, anayesonga mbele akirusha mikuki katika jeshi la adui, na mshairi anaharakisha kutuondolea utata: huyu siye yule Godric aliyekimbia vita.